Jua la Nyuma ya Kioo

Bi Hatsuko aliingia na theluji mabegani, akavua viatu, akaweka zawadi yake juu ya meza, na kabla hajapewa hata chai akauliza, "Huyu mtoto mbona ana matege?"

Suzuno alikuwa amesimama katikati ya chumba akimshangaa bibi yake huyu wa Sendai, mama yake baba, ambaye hakuwa amemwona tangu kiangazi. Alisimama vile anavyosimama siku zote, vifundo vya miguu vimegusana, magoti yameachana, na katikati ya magoti ungeweza kupitisha bakuli la wali. Sisi wa nyumbani tulikuwa tumeshaizoea ile nafasi. Kitu ukikaa nacho kila siku unakiangalia, ila hukioni tena.

"Watoto wote huwa hivyo," akasema Bibi yetu kutoka kwenye meza fupi yenye joto chini yake, blanketi limemfika kifuani. "Miguu hunyooka yenyewe."

"Huyu haimnyooki, inazidi. Njoo kwangu, mjukuu. Njoo, njoo."

Suzuno akaenda, akiyumba huku na huku kama bata aliyeshiba. Bi Hatsuko akampakata, akampapasa magoti, akainua macho.

"Nani humbeba?"

Dada yangu Mizue, mama yake Suzuno, akaangalia mikono yake. Bibi akaangalia birika. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na sikuwa na pa kuangalia.

"Chinami ndiye humbeba," akasema Mizue.

Ndiyo, ni mimi. Mizue anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, anatoka bado giza. Mumewe Kazunari huendesha lori njia za mbali, nyumbani huonekana kama mgeni. Mama yetu alishafariki. Mimi niliacha shule darasa la nne, na tangu hapo nimekuwa mtu wa ndani, basi ilikuwa kama imepangwa: Suzuno alipozaliwa, mchana akawa wangu. Yeye aliniita Mado, maana mama mdogo lilikuwa neno refu mno kwake. Msimu wa figili ukifika mimi na Bibi huziosha, tunazifunga kwa kamba na kuzitundika juu ya moto kwenye kibanda cha moshi, na kazi hiyo yote niliifanya na Suzuno mgongoni, ndani ya mbeleko, akinipulizia sikioni.

"Siku nzima mgongoni, miguu imetanuliwa hivi," Bi Hatsuko akaonyesha kwa mikono miwili kama mtu anayekumbatia mtungi. "Na akishuka?"

"Hukaa nasi mezani kwa magoti," akasema Bibi, "kama watu."

"Kwa magoti! Mtoto wa umri huu, mifupa bado ute! Wanasema samaki mkunje angali mbichi, na nyinyi mmemkunja kweli."

"Mimi nilibebwa. Mama yangu alibebwa. Na kwa magoti nimekaa tangu nilipojua kukaa."

"Na miguu yako ikoje, dada yangu? Hebu simama tuione."

Bibi hakusimama. Alivuta blanketi likamfika kidevuni, akamimina chai.

Wakati wa kula mambo yalitulia kidogo. Zawadi ya Bi Hatsuko ilikuwa figili za kwao, zilizokaushwa kwa jua chini ya paa la kaka yake, kisha zikalazwa ndani ya pumba za mpunga na chumvi. Zilikuwa njano, laini, tamu. Bibi akakata na za kwetu, akaziweka pembeni kwenye sahani ileile, nyeusinyeusi na makunyanzi yake, ili mgeni aone tofauti.

"Hizi zenu," akasema Bi Hatsuko akitafuna, "kila nikija naona kama ninakula paa la jiko."

"Na bado unakula."

"Nakula kwa adabu. Lakini kwa nini moshi? Si mzianike nje kama watu wengine?"

"Kwa jua lipi?" Bibi akacheka. "Huku Akita vuli ikiisha ni mawingu, mawingu yakiisha ni theluji. Ukianika figili nje usiku huohuo inaganda, asubuhi unaweza kumpigia mwizi. Wazee walichoka kungoja, wakazitundika juu ya moto. Figili ya hapa haijaliona jua tangu ing'olewe."

"Ndiyo maana na nyinyi wenyewe mu weupe hivyo."

"Weupe wa ngozi huficha kasoro saba."

"Saba, sawa. Ya nane ni matege, nayo haifichiki."

Nilitaka kucheka nikajizuia, kwa sababu Mizue alikuwa amekaribia kulia. Bi Hatsuko naye aliona. Akaweka vijiti chini, na sauti yake ikashuka.

"Mkwe wangu, sikukugombeza. Lakini mimi ninamtaka huyu mtoto. Mwaka mpya ukipita Kazunari aniletee Sendai. Kwangu hatabebwa, hatakunjwa, na shule ya chekechea iko ng'ambo ya barabara."

"Mama, tupe muda kidogo."

"Muda wa nini? Mfupa hausubiri kikao."

Kesho yake Bi Hatsuko alipoondoka, Mizue alikuja jikoni nikiosha vyombo. "Usimbebe tena kwa sasa, Chinami," akasema. "Sisemi kuwa ni wewe. Usimbebe tu." Akachukua mbeleko msumarini, akaikunja vizuri sana, akaenda nayo.

Suzuno hakuelewa. Alinifuata na kunipanda mgongo kila nilipoinama, na mimi nikamshusha, akapanda, nikamshusha, mpaka akaona ni mchezo. Kichwani mwangu haukuwa mchezo. Akienda Sendai sijui ningebaki na nani wa kusema naye mchana. Na kama ni kweli nilimpinda, basi ilikuwa haki aende.

Nilitaka kujua. Bibi alikuwa akinisema tangu utotoni kwamba nina ugonjwa wa kuuliza kwa nini, na kwamba ndiyo sababu mwalimu hakunipenda. Nilisimama mbele ya kioo cha chumbani, nikapandisha suruali, nikaunganisha vifundo. Magoti yaligusana. Na mimi nilibebwa na Bibi miaka miwili na zaidi, katika kibanda kilekile, kwenye moshi uleule. Nikatoa picha ya Mama akiwa msichana, amevaa sare na soksi fupi, miguu imenyooka kama nguzo. Asubuhi watoto walipopita kwenda shule nikasimama nyuma ya pazia kuwaangalia miguu, ingawa kwa mabuti ya theluji hakuna mguu unaojulikana.

Nikamwendea Bibi.

"Bibi, miguu yako ilipinda lini?"

"Mbona unauliza mambo ya aibu?"

"Nataka kujua."

Alifikiri. "Siku niliyoolewa ilikuwa imenyooka kama vijiti vya kulia. Babu yako alisifu. Imepinda baada ya kumzika. Magoti yamelika, basi, uzee."

"Kwa hiyo haikupinda kwa kubebwa."

"Kama kubebwa kungepinda watu, mtaa huu wote ungetembea kama kaa."

Basi ni nini? Neno moja la mezani lilikuwa bado linanizunguka: figili ya hapa haijaliona jua. Nilijua kwamba jua linafanya kitu, maana siku likitoka mtaa mzima hukimbia nje na magodoro. Tunaanika magodoro, tunaanika mashuka, uyoga, mipunga, viatu. Mtu tu ndiye hatumwaniki. Sijui kwa nini hilo halikuwahi kunipitia akilini kabla.

Nilimwambia Mizue aliporudi kazini. "Labda ni jua."

"Jua gani?"

"Labda halimtoshi."

"Chinami, kila siku anaota jua kibarazani. Wewe mwenyewe ndiye unayemweka."

Ni kweli. Kibaraza chetu kiko upande wa kusini, kimezungushiwa vioo kutoka sakafuni mpaka juu, vioo viwiliviwili kwa ajili ya baridi. Hata nje theluji ikifika kiunoni, jua likichomoza kidogo pale ndani panakuwa kama mwezi wa tano. Suzuno alicheza pale bila soksi, mashavu mekundu. Nje hakwenda mara nyingi. Kiangazi Mizue alimtoa siku za mapumziko yake, akiwa na kofia, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua mpaka nyuma ya masikio, na chandarua juu ya kigari. Siku nyingine alikuwa na mimi, na mimi sitoki.

Nikaona nipime. Nilichukua figili mbili zinazolingana, moja nikaitundika nje chini ya paa, nyingine kibarazani, mahali Suzuno alipokuwa akichezea. Kama jua la pale ndani ni jua la bure, nilijiambia, figili itaoza au itabaki vilevile.

Ya nje iliganda ikawa rungu, mchana ikayeyuka ikawa sifongo. Ya kibarazani ilianza kulegea, ikakunjamana, ikawa njano. Mkaushaji wa figili haangalii rangi, huipinda: iliyokauka sawasawa huinama kama upinde bila kuvunjika. Siku niliyoipinda ya kibarazani, ncha zake mbili zilikutana mikononi mwangu.

"Nani ametundika figili kama mtu wa Sendai?" Bibi aliuliza. Akakata kipande, akatafuna muda mrefu. "Tamu. Usimwambie Hatsuko."

Mimi sikusikia utamu wowote. Jua la kibarazani lilikuwa jua la kweli, nimelipima kwa mikono yangu. Kwa hiyo kilichobaki ni mgongo wangu.

Baada ya mwaka mpya Mizue aliomba ruhusa kazini tukaenda hospitali ya mjini. Mimi nilienda kwa sababu Suzuno alikuwa amekataa katakata kuingia kwenye gari bila Mado. Nilivuta kofia mpaka kwenye nyusi na barakoa mpaka chini ya macho, nikahesabika kama mzigo mmojawapo. Mara ya kwanza walimtoa damu na kumpiga picha za mifupa. Mara ya pili tuliitwa kusikia majibu.

Daktari alikuwa mama wa makamo, Daktari Hokari, mwenye nywele fupi na mabuti ya theluji chini ya meza kama ya mkulima. Alimlaza Suzuno, akaunganisha vifundo vyake, akapima nafasi ya magotini kwa vidole. Akamshika pale mkono unapokutana na kiganja akapabonyeza polepole, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba palikuwa panene, kama amevaa bangili chini ya ngozi. Kisha akatuonyesha picha.

"Hapa kwenye ncha, mfupa wa mtoto unatakiwa uwe umekatika vizuri, mstari mmoja. Angalieni wake."

Ncha za mifupa ya Suzuno zilikuwa zimechanuka kama mswaki wa zamani.

"Mfupa unakua, lakini haukomai. Damu yake inaonyesha vitamini D imepungua sana. Sasa niambieni, mtoto anakula nini?"

Mizue akajibu haraka, kama mwanafunzi aliyejiandaa. Maziwa yake mwenyewe, bado ananyonya. Uji wa wali, tofu, viazi vitamu, figili ya kuchemsha.

"Yai?"

"Yai lilimtoa vipele, daktari. Alipokuwa mdogo. Nikaacha yai, nikaacha na samaki, na maziwa ya ng'ombe."

"Samaki alimtoa vipele?"

"Hapana."

"Nani alikwambia umwachishe samaki?"

"Hakuna. Niliogopa tu."

Daktari akaitikia kwa kichwa, hakumkemea. "Na nje? Anatoka?"

"Jua analipata, daktari," akasema Mizue, na hapo alikuwa na uhakika. "Kila siku. Kibarazani kwetu panawaka mpaka anavua soksi."

"Kibaraza cha wazi?"

"Cha vioo."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama Suzuno, nusu ya wazazi wanaokuja hapa na tatizo hili wananiambia maneno hayohayo. Kioo kinapitisha mwanga na kinapitisha joto. Lakini katika jua kuna miale mingine, haionekani, hiyo ndiyo inayofanya ngozi itengeneze vitamini D. Hiyo kioo kinaizuia. Mtoto anaweza kuota jua nyuma ya kioo mwaka mzima, na kwa mfupa ikawa sawa na aliyekaa kabatini. Kabati la joto, basi."

"Lakini figili ilikauka," nikasema.

Sikukusudia. Ilitoka chini ya barakoa yenyewe. Mizue aligeuka kama aliyesikia kiti kikizungumza.

"Figili gani?" akauliza daktari.

Nikamweleza, nikiangalia mabuti yake. Ya nje, ya ndani, jinsi nilivyoipinda. Nilipofika hapo pa kupinda nikaonyesha kwa mikono. Nilingoja acheke, akacheka kweli, lakini huku akivuta kiti chake karibu.

"Ulitaka kulipima jua la kibarazani. Vizuri sana. Ila hukupima jua, ulipima joto. Figili inataka joto na ukavu, basi, hata moshi unatosha. Si ndivyo mnavyofanya huku? Ngozi haidanganywi na joto. Jua ni moja lakini limebeba mizigo miwili, na kioo ni kama mlinzi wa getini, mmoja anaupitisha, mwingine anaurudisha."

Nilikaa nikiliwaza hilo la mlinzi. Kila siku nilikuwa nimeangalia kioo kile nisione kitu, kumbe kinachagua. Ningependa kuuliza kinajuaje. Lakini lilikuwepo swali jingine mbele yake, na kama nisingeliuliza pale nisingeliuliza tena.

"Na mgongo?"

"Mgongo gani?"

"Wangu. Nilikuwa nikimbeba. Wanasema ndio umempinda."

Daktari alimwangalia Mizue, akaniangalia mimi. "Mfupa mgumu ukibebwa haupindi. Mfupa laini unapinda kwa uzito wa mwenyewe, anaposimama, anapotembea. Muda aliokuwa mgongoni kwako miguu yake haikubeba kitu. Mgongo wako hauna kesi."

Mizue alinyoosha mkono akanivua kofia, ambayo ilikuwa imenifunika macho, akaipakata na kuishikilia hivyo mpaka tulipotoka.

Suzuno aliandikiwa dawa ya matone, kila siku. Samaki aanze, kidogokidogo, samoni na dagaa wa kukausha. Yai lipimwe hospitalini kabla ya kuhukumiwa. Kuhusu miguu, daktari alisema wengi hunyooka wakitibiwa mapema kama hivi, lakini hakuapa, atampiga picha tena. Na theluji ikipungua atoke nje, mikono na miguu wazi, kila siku kidogo.

Jioni hiyo simu ya Bi Hatsuko iliwekwa katikati ya meza ili wote tusikie.

"Si nilisema!"

"Ulisema mgongo, Mama," akasema Mizue.

"Nilisema matege! Nilisema au sikusema? Haya, kumbe ni jua. Basi ndio vizuri zaidi, huku kwetu jua lipo hata mwezi wa kwanza. Mleteni."

"Kwenu jua lipo," akadakia Bibi, "na ndiyo maana uso wako unafanana na figili yako."

"Ewe bibi, mimi naongea habari za mtoto!"

"Na mimi pia."

Ilipokatwa simu hatukucheka. Bi Hatsuko safari hii alikuwa na hoja, na wote tulijua. Matone yangeweza kutolewa popote, lakini mtoto wa kutoka nje kila siku anahitaji mtu wa kutoka naye.

"Mimi naondoka gizani," Mizue akasema polepole. "Bibi na magoti yake kwenye barafu, hapana." Kisha akaniangalia, akaacha kuniangalia.

"Nitamtoa mimi," nikasema.

"Chinami, hata dukani huendi."

"Nitamtoa."

"Barua ikija huwa unangoja tarishi afike kona ndipo ufungue mlango."

"Huyo tarishi anaongea sana," nikasema, na Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Mizue hakucheka. "Sikia. Siwezi kumwambia mama mkwe hapana kwa maneno matupu. Maua ya cheri yakidondoka, kama bado mtakuwa mnakaa kibarazani, atakwenda Sendai. Sisemi kwa ubaya."

Huku kwetu cheri huchanua mwishoni mwa mwezi wa nne. Mwezi wa tatu theluji ilipungua, nikasema bado kuna matope. Mwezi wa nne matope yakakauka, nikasema kuna upepo. Suzuno alikuwa amekunywa matone miezi mitatu, anakula samoni kama paka, na alikuwa akiugonga mlango wa mbele kwa viganja vyote viwili. Machipukizi ya mti wa jirani yalishakuwa mekundu. Asubuhi moja Bibi alichukua viatu vyetu, vidogo vya Suzuno na vyangu, akavipanga mlangoni vikiangalia nje, akarudi kukaa.

Tulitoka.

Nilimkunja mikono ya nguo mpaka juu, nikamvua soksi na kofia. Tulifuata njia ya mfereji, ambako nilidhani hakuna mtu. Maji ya theluji yalikuwa yanakimbia kwa kelele, na nikashukuru, maana penye kelele mtu hatarajiwi kuongea. Suzuno aliyumba mbele yangu, akisimama kila hatua kuokota jiwe na kulitupa. Jua lilinigonga shingoni. Lilikuwa na uzito, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

"Ala! Si mdogo wake Mizue huyu?"

Bi Sawano, wa duka la mchele. Nguo ndefu, glavu mpaka viwikoni, kofia pana, na juu ya kofia mwavuli mweupe wa jua. Mara ya mwisho kuongea naye nilikuwa na mkoba wa shule mgongoni.

"Umekuwa mtu mzima, jamani! Na huyu ndiye mtoto? Mweupe kama keki ya mchele! Lakini mama wee, mbona yuko wazi hivi? Jua la mwezi wa nne ni baya kuliko la kiangazi, hukuambiwa?" Akachuchumaa, akamfunika Suzuno kwa mwavuli wake, mwenyewe akabaki juani na kofia yake.

Kwetu mtu akikupa kivuli hukikatai, unainama na kushukuru, na ukikutana naye wiki inayofuata unamshukuru tena kwa kile cha wiki iliyopita. Nikainama, kwa maana ya samahani. Bi Sawano akaona ni ahsante, akausogeza mwavuli karibu zaidi. Nikainama tena, chini zaidi, kwa maana ya tafadhali usifanye hivyo. Akafurahi.

Suzuno akaondoka chini ya mwavuli kwenda kutafuta mawe mengine. Mwavuli ukamfuata. Akakata kushoto, mwavuli ukakata kushoto. Tukaenda hivyo ukingoni mwa mfereji, mtoto mbele, Bi Sawano ameinama nyuma yake kama mtu anayekimbiza kuku, na mimi nyuma yao nikiinamainama hovyo, na jua hakuna aliyelipata ngozini isipokuwa mimi.

"Mwavuli," nikasema mwishowe.

"Unautaka? Chukua, chukua! Nyumbani ninao mwingine." Akanisukumia mpini mkononi.

Basi nikawa nimeshika mwavuli wa Bi Sawano juu ya kichwa cha Suzuno, mimi mwenyewe. Nikabonyeza kitufe na kuufunga, mbele ya macho yake.

Uso wake ulibadilika kama mtu aliyerudishiwa zawadi.

"Anahitaji jua," nikasema. Sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, kwa sababu ya maji. "Ni mifupa yake. Daktari amesema. Ilikuwa laini, kwa kukaa nyuma ya kioo. Kioo hakipitishi."

Bi Sawano akaangalia miguu ya Suzuno. Nilimwona akiyaona magoti, na nilingoja neno.

"Ni matege?"

"Ndiyo."

"Yanapona?"

"Yanaanza kunyooka. Bakuli halipiti tena."

"Bakuli gani?"

"La wali."

"Hakipitishi, kioo?" akauliza. "Hata kikiwa kisafi?"

"Hata kikiwa kisafi."

"Mimi dukani nakaa nyuma ya kioo tangu nilipoolewa." Akajishika nyonga. "Mwaka jana niliteleza hapa hapa, daktari akaniambia mifupa yangu imekuwa kama biskuti. Nikamwambia haiwezekani, jua linanipiga dukani kutwa. Hakuniambia habari za kioo. Labda aliniambia, mimi nilikuwa nalia." Akaitazama mikono yake, akavua glavu moja. Ya pili akaiacha. "Mmoja tu kwanza. Uso siutoi, usiniombe."

"Siombi."

Akaunyoosha mkono ule mweupe juani, akaugeuza huku na huku kama samaki wa kuchoma. Suzuno alikuwa amenipokonya mwavuli uliofungwa na anauburuta kwenye kokoto kwa kelele za ajabu. Nilitaka kumnyang'anya, Bi Sawano akanizuia kwa mkono wenye glavu.

"Mwache. Na kesho mnapita?"

"Tunapita," nikasema.